Kifurushi Kisichofunguliwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa. Mganga mkuu wa hospitali yetu. Viongozi mlioongozana na mgeni. Madaktari na wauguzi. Wagonjwa mlioweza kutoka vitandani kuja kusikiliza. Na wewe bibi uliyeketi mstari wa mbele na mjukuu asiyetulia: sisi wafanyakazi wa Chumba cha Mvuke tunawasalimu nyote kwa heshima na kwa furaha.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu tena. Tunasema tena kwa sababu hii si mara yako ya kwanza. Ulikuja mwaka juzi kufungua wodi ya wazazi, na baada ya kukata utepe ukafanya jambo ambalo wageni hawalifanyi: ukauliza vifaa vya upasuaji vinaandaliwa wapi, ukashuka ngazi kwa miguu yako, ukapita stoo ya magodoro, ukafika kwetu. Wageni wengine huishia juu kwenye maua. Hatujaisahau hisani ile, na tutakayoyasema leo tunayasema tukiwa bado tunaikumbuka.

Leo umekuja kufungua jengo jipya la upasuaji, na sisi tumepewa nafasi ya kusoma risala. Tunakiri kwamba risala tuliyoiandika mwanzo ilikuwa fupi na tamu, na mganga mkuu aliisifu. Tulipokaa wenyewe kuisikiliza tukaona haisemi kitu. Hii unayoisikia ni ya pili. Aliyechaguliwa kuisoma ndiye mwenye sauti kubwa kuliko sisi sote, wala si mwenye cheo, kwa hiyo akitetemeka kidogo mvumilie.

HISTORIA YA CHUMBA CHETU

Chumba cha Mvuke kilianza kikiwa kona ya jiko. Wakongwe walitusimulia kwamba vifaa vya upasuaji vilichemshwa kwenye sufuria kubwa, jirani na sufuria ya uji wa wagonjwa, na mpishi alikuwa mkali kweli kweli mtu akikosea kijiko. Walichemsha kwa bidii, wakaamini wamemaliza. Lakini wapo vijidudu ambavyo hali ikiwa ngumu hujifunga ndani ya ganda, vikalala humo kama mbegu. Maji yakichemka, vyenyewe vimelala. Maji yakipoa, vinaamka kwenye kidonda cha mtu.

Ndipo ikaletwa mashine. Wewe uliiona: pipa la chuma lililolala ubavu, mlango wake mzito una usukani kama wa lori. Tunaiita Bi Mkubwa, kwa sababu ikishaanza kazi hakuna wa kuifungulia mlango mpaka yenyewe iridhike. Maji ya kwenye sufuria yakishachemka hayazidi moto ule, hata uongeze kuni za msitu mzima. Lakini mvuke ukiufungia ndani ya chuma ukakosa pa kwenda, moto wake unapanda kuliko wa maji yoyote yanayochemka, na lile ganda halifui dafu. Mashine hiyo ilipofika, chumba kilihamishwa kutoka jikoni. Inasemekana mpishi alifanya sherehe.

MAANA YA NENO LETU

Mheshimiwa, watu wengi wanadhani sisi ni wasafishaji. Kusafisha tunasafisha, lakini kazi yetu haiishii hapo. Kitu safi ni kile ambacho uchafu wake umeondoka. Sahani iliyooshwa ni safi. Shati lililofuliwa likaanikwa juani ni safi. Mkono ulionawa kwa sabuni ni safi, na tunaomba neno hili la mkono ulikumbuke, tutalirudia.

Kitu kilichotakaswa ni habari nyingine. Ni kitu ambacho juu yake na ndani yake hakuna chochote kilicho hai. Hatusemi kwamba vimebaki vichache, wala hatusemi kwamba vilivyobaki havina madhara. Hakuna hata kimoja.

Tunakuomba ulitafakari hilo kidogo, maana sisi tunalitafakari kila siku na bado linatusisimua mwili. Hapo ulipoketi, kwenye kitambaa cha meza yako, kwenye maua, kwenye karatasi hii na kwenye ulimi unaoisoma, kuna viumbe wasioonekana, maelfu kwa maelfu, wanakula na kuzaana na kuendelea na maisha yao bila kutuomba ruhusa. Wengi ni wema, na bila wao hata chakula tumboni kingetushinda. Dunia yote imejaa. Tafuta mahali patupu juu ya jiwe, hupati. Tafuta kisimani, hupati. Lakini jirani na stoo ya magodoro, kwenye rafu yetu, ndani ya kitambaa kilichokunjwa, pana mahali padogo pasipo na kiumbe hata kimoja, na tumepatengeneza sisi kwa maji na moto. Wengine wetu hatukusoma sana, wengine tumesoma, na wote tukisimama mbele ya rafu ile tunajikuta tunashusha sauti.

Jambo la pili linashangaza zaidi. Utupu huo hauonekani. Kifurushi kilichotakaswa na kisichotakaswa ukiviweka pamoja vinafanana. Ule utepe tunaofungia, wenye mistari inayogeuka kuwa myeusi, unakuambia tu kwamba kifurushi kimepita kwenye moto. Na ukitaka kuhakikisha kwa macho yako, ukakifungua uchungulie, basi hewa imeingia, na hewa haiji peke yake. Kwa hiyo kazi yetu, Mheshimiwa, haiwezi kukaguliwa kwa kufunguliwa. Daktari anakifungua mara moja tu, mbele ya mgonjwa aliyelala, na hapo anatuamini au hatuamini.

La tatu ni la mikono. Ngozi ya binadamu haitakasiki. Ingewezekana tu kwa kuipika, na hakuna aliyejitolea. Daktari wa upasuaji anasugua mikono hadi viwikoni, anasugua tena, na akimaliza mikono yake ni safi sana, basi. Haijatakasika. Ndiyo maana anavaa glavu. Kwa hiyo mfanyakazi wa chumba chetu akimwambia mtu kwamba mkono wake usiguse kifurushi, hajamwita mchafu. Amemwita binadamu.

KAZI INAVYOFANYIKA

Hapa inatubidi tumtaje mwenzetu mmoja. Alituomba tusimtaje jina, na sisi ni watu wa kutimiza ahadi, kwa hiyo tutamwita kama tulivyozoea kumwita: Mama Usiguse. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wetu, na wengi tunaosimama hapa alitufundisha kazi akiwa ameshika fimbo ya maneno.

Neno lake la kwanza kwa kila mgeni wa kazi lilikuwa hilo hilo. Unaingia, unanyoosha mkono kuegemea rafu, unasikia nyuma yako, "Usiguse!" Inasemekana hata nyumbani kwake mume alikuwa akipiga hodi kabla ya kufungua kabati la vyombo. Wajukuu zake walijua kulitamka neno hilo kabla ya kujua kusema maji.

Alitufundisha kwamba mvuke hauwezi kuua kisichoguswa na mvuke. Damu iliyokaukia kwenye meno ya koleo ni blanketi, vijidudu vinajifunika humo vikisubiri. Kwa hiyo kwanza tunaosha, tunapiga brashi kila ungio, tunasuuza, tunakausha. Mkasi unaingia mashineni ukiwa umeachama, maana ukifungwa, pale vyuma vinapokutana mvuke haufiki. Vifurushi havibanwi kama mizigo ya safari. Na hewa iliyomo ndani lazima itolewe kwanza, kwa sababu hewa ni kaidi, ikibaki kwenye mkunjo mmoja, mkunjo huo unabaki na wakazi wake.

Siku moja mmoja wetu, aliyekuwa mgeni wa kazi, akamuuliza, "Sasa mama, kama haionekani, tutajuaje kwamba kweli vimekufa?"

Mama Usiguse akafungua droo akatoa kichupa kidogo kuliko kidole. "Unajua humu kuna nini? Wale sugu wenyewe. Wale wa ganda. Wako hai kabisa, wamelala."

"Mama! Unatembea nao?"

"Hawa hawana ugomvi na wewe. Ninawaweka katikati ya mzigo, pale mvuke unapopata tabu kufika. Mzigo ukitoka nakilaza hiki kichupa mahali pa joto, nakibembeleza kama kifaranga. Kama kuna hata mmoja aliyebaki, ataamka, na maji yaliyomo humu yatabadilika rangi. Yasipobadilika, basi Bi Mkubwa hajatudanganya."

"Na yakibadilika?"

"Hapo hakuna anayetoka na kitu humu ndani. Hata aje nani."

Vipo pia vifaa vya plastiki, ambavyo vingeyeyuka kwa Bi Mkubwa, hivyo hutakaswa kwa dawa. Na glavu na sindano hutoka viwandani zikiwa zimekwisha kutakaswa ndani ya pakiti zake, kwa miali isiyoonekana. Lakini hatutaki kukuchosha. Tunataka tufike kwenye kupoa.

Watu hudhani kazi imeisha mlango ukifunguliwa. Haijaisha. Kifurushi kikitoka na unyevu, au ukikiweka cha moto juu ya chuma baridi kikatoka jasho, unyevu ule ni njia. Kitambaa kikavu ni ukuta, na kitambaa kilicholowa ni mlango wazi. Kilichokuwa kitupu kinajaa tena papo hapo juu ya meza, na wewe unakitazama na huoni kitu. Kwa hiyo lazima kikaukie ndani, kisha kipoe taratibu juu ya rafu ya waya, na huko kupoa hakuharakishwi na mtu yeyote, awe daktari, awe mkuu, awe mama mzazi.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, tuna mafanikio mengi na tungeweza kuyapanga hapa yakakupendeza. Tumechagua moja, kwa sababu ulikuwepo lilipoanza, na hukuwepo lilipomalizika.

Siku ile ulipokuja, tuliambiwa tupambe meza. Tukatandika kitambaa cheupe, tukapanga vifurushi kwa ukubwa, na mbele kabisa tukaweka kile kidogo kilichokunjwa vizuri kuliko vyote, kwa sababu kilipendeza. Kilikuwa seti ya watoto wachanga. Mikasi yake ni kama ya kuchezea, koleo zake zingeshika punje ya mchele zisiivunje. Hospitali nzima ilikuwa na seti moja tu ya aina hiyo. Mama Usiguse alikuwa kwenye maji, anaosha. Angeiona meza ile mapema tungejuta kuzaliwa.

Uliingia. Ulitusalimu mmoja mmoja. Ukauliza maswali mazuri. Kisha ukafika mezani ukatabasamu ukasema, "Na hiki kidogo kizuri hivi, ndani kina nini?" Na vidole vyako vikawa vimeshika utepe. Sisi sote tuliona. Sisi sote tulikuwa na adabu. Utepe ukatoka, kitambaa kikafunguka, na wewe ukaokota mkasi mmoja ukauinua kwenye mwanga kwa mshangao wa kweli. Tunakuambia kwa dhati kwamba mshangao wako ulitugusa.

Hapo ndipo iliposikika sauti kutoka kwenye maji. "Usiguse!"

Mama Usiguse alikuwa amesimama na aproni imelowa. Baadaye alituambia kwamba neno lilimtoka kabla hajatazama ni nani.

Wewe ukasema kwa upole, "Nimenawa mikono, mama. Ni safi."

"Ni safi, Mheshimiwa," alijibu. "Lakini hicho hakitaki safi."

Mmoja wa waliokuwa nyuma yako akasema, "Wewe mama, unajua unaongea na nani?"

Alijua. Alijua na aliogopa, na bado akakausha mikono, akaja, akauchukua mkasi kutoka mkononi mwako, akauweka pamoja na wenzake, akaikusanya seti nzima akaondoka nayo. Hakusema samahani. Mpiga picha alipiga picha wakati ule ule. Picha hiyo tunayo. Wewe umeachwa na mkono mtupu hewani, na yeye amekupa mgongo.

Mkapanda juu kwenye hema, hotuba zikaanza. Sisi tulikuwa tumeagizwa Bi Mkubwa izimwe hadi ugeni umalizike, kwa sababu inanguruma. Mama Usiguse akaiosha seti, akaikausha, akaifunga kwenye vitambaa vipya, akaiwasha mashine. Tukamwambia, "Mama, wanahutubia huko juu." Akasema, "Na mimi nafanya kazi huku chini." Mheshimiwa, ule mngurumo uliokatiza hotuba yako, ukatania kwamba pengine ni tumbo la mtu mwenye njaa, na watu wakacheka, mngurumo ule ndio huo.

Wakati watu wanacheka, gari la wagonjwa liliingia kwa lango la nyuma. Lilikuwa limebeba kichanga kilichozaliwa mbali, utumbo wake umeziba. Kinatapika kijani, tumbo limevimba kama ngoma. Mama yake alibaki kulekule alikojifungulia, hajiwezi, na aliyekibeba alikuwa bibi yake.

Daktari wa upasuaji wa watoto akashuka mwenyewe hadi dirishani kwetu. "Seti ya wachanga?"

"Imo ndani ya Bi Mkubwa, daktari."

"Si ilikuwa kwenye rafu asubuhi?"

Mama Usiguse hakukutaja. Alisema tu, "Ilifunguliwa. Imeshaiva sasa, inakauka."

Daktari akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Basi nakwenda kunawa. Ikishakuwa tayari usinipigie simu. Niletee." Akapanda ngazi mbili mbili.

Bibi akabaki dirishani. Alikuwa amemfuata daktari bila kuambiwa. "Mwanangu," akamwambia Mama Usiguse, "wanasema wanangoja vyuma. Si vimeshapikwa? Vitoe basi."

"Bado havijakauka, mama."

"Maji ya moto yatamdhuru nini? Mtoto anakufa, wewe unangoja maji yakauke!"

Mvuke ulikuwa umeshatoka, mlango ungefunguka. Mkono wa Mama Usiguse mwenyewe ulikwenda ukashika usukani. Tuliuona, vidole vimekaza. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu, maana ni nani kati yetu wa kumwambia yeye? Tukamsikia akijiambia mwenyewe, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

"Usiguse."

Akauachia. Akatoka nje, akakaa na bibi kwenye benchi, akamshika mkono. Akamweleza, si kama tulivyokueleza wewe kwa maneno mengi. Alimwambia, "Mama, tumbo la mtoto likifunguliwa, kitakachoingia humo hakitoki. Nataka kiingie chuma peke yake." Bibi akalia, lakini hakudai tena.

Mashine ikamaliza. Alitoa kifurushi, akakilaza kwenye rafu ya waya, akasimama mbele yake mikono nyuma. Tulisimama naye. Huko juu mlikuwa mnapiga makofi. Mheshimiwa, tumewahi kukaa kwenye misiba na kwenye arusi, lakini hatujawahi kusikia ukimya kama ule wa watu wazima wakikitazama kitambaa kinapoa. Alipoona ni tayari alikikagua chini, pembeni, juu. Kikavu. Akakiweka kwenye trei akakipeleka mwenyewe, na wote waliokuwa kwenye ngazi wakaegemea ukutani kumpisha.

Mtoto alipona. Kidonda hakikutunga usaha hata tone. Daktari alisema baadaye kwamba mtoto yule alikuwa ameshafika ukingoni, na kama kazi ya kuitakasa seti ingeanza baada ya ugeni kuondoka, asingengoja. Kwa hiyo lile neno lililotamkwa mbele yako kwa sauti mbaya ndilo lililomtangulia mtoto, likamwandalia seti kabla hajafika.

CHANGAMOTO

Maji yetu yana chumvi na yanamuumiza Bi Mkubwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi tunaanza upya kabisa, kwa sababu utakaso haupatikani nusu. Seti ya watoto wachanga bado ni ile ile moja.

Lakini changamoto yetu kubwa haina bomba wala waya. Baada ya ugeni ule, Mama Usiguse aliambiwa kwa mdomo kwamba amechoka na anahitaji kazi nyepesi. Akapelekwa kwenye chumba cha kufulia. Hatusemi kazi ya kufulia ni duni. Wenzetu wa kufulia wako hapa na wana mikono yenye nguvu. Wala hatusemi wewe uliagiza. Tunaamini hukuagiza. Tunadhani wapo waliofikiri kwa niaba yako.

Tangu hapo tumekuwa na adabu sana chumbani kwetu. Majuzi kifurushi kilianguka sakafuni. Kikaokotwa, kikapanguswa, kikarudishwa rafuni. Kilionekana kizuri. Wawili kati yetu waliona wakanyamaza, kwa sababu aliyekiokota ni mkubwa wao kikazi. Walipata ujasiri wa kusema jioni, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka ni kipi, ilibidi tufungue rafu nzima, tuoshe upya, tutakase upya. Hakuna mgonjwa aliyedhurika. Lakini tuliogopa, Mheshimiwa. Vijidudu vinauawa na mvuke. Adabu yetu hii tutaiua kwa kitu gani?

Yeye huko aliko anakunja vitambaa vya kufungia vifurushi vyetu. Kila kimoja anakiinua kwenye mwanga wa dirisha kutafuta tundu, maana tundu la sindano linatosha kupitisha dunia yote. Vikifika kwetu tunavitambua alivyovikunja yeye. Hajawahi kulalamika. Mara moja tu alimwambia mmoja wetu, "Karibu nitastaafu. Nilitaka siku ya mwisho nimzime Bi Mkubwa kwa mkono wangu." Kisha akabadilisha mazungumzo akauliza habari za watoto.

MAOMBI

Tunaomba, katika jengo hili jipya, chumba chetu kiwekewe kioo kikubwa ukutani, ili kila mgeni mwenye shauku kama yako aone kila kitu na asilazimike kugusa.

Tunaomba kifaa cha kuondoa chumvi kwenye maji, na seti ya pili ya watoto wachanga.

Na tunaomba Mama Usiguse arudi. Yuko kule nyuma kabisa, mstari wa wafuaji, kwenye kiti cha mwisho. Hakujua kwamba sehemu hii ipo. Bila shaka sasa hivi ameinamisha kichwa na anatupangia maneno. Tuko tayari kuyapokea, mradi ayaseme akiwa kwenye chumba chake.

HITIMISHO

Mheshimiwa, hatukuja mikono mitupu. Tumekuletea zawadi. Ni kifurushi kidogo, kitambaa chake amekikunja yeye, na kimepita kwa Bi Mkubwa leo alfajiri, kikakauka, kikapoa. Kukishika kwa nje hakuna ubaya. Ndani yake hamna mkasi wala koleo. Mna kitambaa kimoja kikavu, na zaidi ya hicho hamna chochote, hata kile usichoweza kukiona. Hiyo ndiyo kazi yetu yote, tumekufungia. Kiweke mezani kwako mahali pakavu. Siku shauku ikikushika na vidole vikaenda kwenye utepe, ukavirudisha, siku hiyo utakuwa mwenzetu.

Kifurushi utakabidhiwa na mtoto. Yule asiyetulia, aliyekwisha kuvuta kitambaa cha meza yako mara kadhaa tangu tuanze kusoma, na ambaye sasa ana ua lako mdomoni, ndiye aliyekuwa akikingoja kifurushi siku ile. Bibi yake ndiye huyo aliyeketi naye. Chini ya shati lake ana kovu jembamba, limenyooka, safi. Anagusa kila kitu duniani, na katika hospitali hii hakuna mwenye moyo wa kumkataza, hata kule mstari wa nyuma.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Aibariki mikono yako, ile ile uliyoinawa siku ile kabla ya kushuka kwetu, na uinyooshe sasa, Mheshimiwa, mtoto anakuja. Huyu mguse tu.

Ni sisi watumishi wako,
Wafanyakazi wa Chumba cha Mvuke, pamoja na mmoja aliyeko kwenye chumba cha kufulia.